Mama wa Mtoto Yule Hana Kosa



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme jambo lililonikaa moyoni tangu likizo iliyopita. Najua kurasa hizi zimezoea habari za mechi, za safari na za uji wa asubuhi, nami sina ugomvi na mpira wala na uji. Hata jina la Onduparaka lilivuma katika Uganda nzima kwa ajili ya mpira. Lakini leo nataka kusema habari ya shemeji yangu, aliyeshtakiwa bila kosa, na habari ya kingamwili, yaani zile silaha ndogo zilizomo katika damu yetu, ambazo nitazileta hapa ziwe shahidi wake. Ninyi mliotutangulia, mliokwisha toka shuleni na kusomea udaktari, mtanisahihisha nikikosea.

Kaka yangu ana mtoto wa kiume, umri wake miaka sita. Mwaka jana taya lake la kushoto lilianza kuvimba, na meno ya upande ule yakalegea. Akapelekwa mahali fulani akang'olewa jino, na baada ya juma moja akang'olewa jingine. Uvimbe haukupungua hata kidogo, bali kila tulipoamka asubuhi tuliuona umekua kuliko jana. Ndipo wazee wakakutana nyumbani. Baba mkubwa akasema maneno ambayo siwezi kuyasahau: kwamba mke wa kaka ameleta damu mbaya katika ukoo wetu, maana hata kwao dada yake alifiwa na mtoto, na kwamba yafaa arudi kwao, na ng'ombe zetu zirudi. Shemeji alikuwa amekaa nje karibu na jiko, akisikia kila neno. Hakujibu. Nami sikujibu, kwa kuwa kijana wa miaka 19 hasimami mbele ya wazee akawapinga. Na tena, tuseme kweli, sikuwa na la kujibu.

Sista mmoja muuguzi aliyepita kwetu Jumapili ile alimtazama mtoto mdomoni, akamwambia kaka bila kuzunguka: "Huu si ugonjwa wa jino. Mpelekeni hospitali kubwa kesho, msingoje keshokutwa." Na ndivyo ilivyokuwa. Madaktari wakakata kipande kidogo cha uvimbe, wakakitazama kwa hadubini, wakasema ni uvimbe wa Burkitt, ambao ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile hasa zitengenezazo kingamwili.

Basi ili nionyeshe kwa nini mama yule hana kosa, yanilazimu kwanza nieleze jinsi kingamwili zinavyotengenezwa.

Zamani niliamini, na nadhani wengi wenu mnaamini hivyo hata leo, kwamba mwili ukiingiwa na kijidudu humpima kama fundi cherehani ampimavyo mteja kifua na mabega, kisha humshonea kingamwili ya kumkaa sawasawa. Msione haya. Mwaka 1940 Linus Pauling, bingwa wa kemia wa Marekani, alifundisha jambo la karibu na hilo, kwamba kingamwili hujikunja juu ya adui na kupata umbo lake papo hapo. Lakini sivyo. Mwaka 1957 Macfarlane Burnet wa Australia alitoa wazo jingine, nalo ndilo lililoshinda. Mwili haumngojei mteja. Mwili ni kama mfanya biashara wa nguo za mitumba katika soko la Arua, aliyefungua robota kubwa ajabu, ndani yake mna koti la kila kimo na kila upana, hata makoti ya watu ambao hawajazaliwa. Akija mteja yeyote, awe mrefu, awe kibiongo, lazima pana koti moja au mawili yatakayomkaa kidogo. Chembe iliyobeba koti lile ndiyo inayoamshwa, nayo huanza kuzaana kwa maelfu. Zile nyingine hubaki zimelala zikingoja mteja wao, na nyingi hufa bila kumwona.

Je, robota hilo linatoka wapi? Hapa ndipo wataalamu walipokwama kwa muda mrefu. Mwanadamu ana jeni kama 20,000 tu kwa kazi zote za mwili, tangu rangi ya macho hadi kucha. Kama kila kingamwili ingetaka jeni yake peke yake, jeni zingekwisha kabla ya kuanza. Mwaka 1976 Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi huko Basel, Uswisi, alionyesha jambo ambalo watu hawakulitazamia, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Jeni ya kingamwili hatuzaliwi nayo ikiwa nzima. Twazaliwa na vipande. Kwa ule mnyororo mzito wa kingamwili vipo vipande vya namna tatu, huitwa V, D na J. Vile vya V vifanyavyo kazi ni kama 40, vya D ni 23, na vya J ni 6. Kila chembe changa ndani ya uboho wa mifupa huchukua kimoja cha kila namna, bila kuchagua, huvikata vilivyo katikati na kuvitupa, kisha huunganisha vile vilivyobaki. Pigeni hesabu: 40 mara 23 mara 6 ni 5,520. Mnyororo mwepesi nao hufanyiwa vivyo hivyo, nao huweza kuwa wa namna kama 320. Mkizidisha moja kwa nyingine mtapata zaidi ya 1,700,000, na yote hayo kutoka katika vipande visivyozidi mia mbili.

Wala haijaisha. Pale panapounganishwa vipande, vimeng'enya huguguna herufi chache za urithi na kuongeza nyingine ovyo ovyo, kama fundi asiyejali kipimo. Uovyo huo ndio utajiri wenyewe, maana kwa huo hesabu hupanda hata kufikia mabilioni na mabilioni. Na kila mtu hupata robota lake. Hata pacha waliofanana kama sarafu mbili hawana kingamwili zilizo sawa.

Rafiki yangu mmoja wa chama cha mdahalo hakupenda neno hilo "ovyo". Alisema shule ya misheni haifai kuandika kwamba Mungu amejenga mwili kwa bahati nasibu. Nilimjibu kwamba mitume wenyewe walipiga kura alipochaguliwa Mathia, na hakuna aliyesema kwamba kura ile ilimtoa Mungu katika shauri. Hakuridhika, lakini kengele ya chakula ikalia.

Ziko pia zile chembe T, ambazo hazimwagi kingamwili bali hubeba vipokezi vyao juu ya ngozi yao, na kwa hivyo hutambua chembe za mwili zilizoingiwa na virusi. Nazo huchanganya vipande vivyo hivyo. Ila kwa kuwa zinaweza kumshambulia mwenye mwili, hupelekwa kwanza kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, iitwayo thaimasi, kufanyiwa mtihani. Ile isiyoweza kusoma alama za mwili huachwa ife, na ile inayoona mwili wenyewe kuwa adui huuawa. Katika kila mia hazifaulu hata tano. Sisi twaogopa UNEB!

Sasa nirudi sokoni, kwa sababu hadithi ya mitumba ina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayohusu taya la mtoto wetu. Mmeona kwamba karibu na muuza mitumba hakosi kuwapo fundi mwenye cherehani, ambaye ukinunua koti lililokupwaya hulipunguza kiunoni na kufupisha mikono. Mwili nao unaye. Chembe B ikiisha kumpata mteja wake huingia ndani ya tezi ndogo za shingoni, za kwapani na za tumboni, na huko hukata na kubadili herufi za jeni zake za kingamwili kwa makusudi. Mabadiliko mengi huharibu, na chembe iliyoharibika hufa. Machache huifanya kingamwili imshike adui kwa nguvu zaidi, na chembe hiyo huzaana kushinda wenzake. Kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo huitwa AID. Ndiyo maana chanjo ya pili na ya tatu hutoa kingamwili zilizo bora kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo Pauling hakukosea kabisa kumdhania fundi. Alikosea kwa kumweka mwanzoni.

Lakini fikirini jambo hili vizuri. Katika mwili mzima chembe nyingi hulinda herufi zao za urithi kama mlinzi wa benki. Chembe B, kwa ajili yetu, hushika mkasi na kujikata yenyewe. Siku moja, katika chembe moja, mkasi hukata pasipopaswa. Kipande cha kromosomu ya 8 hukatika kikaungwa juu ya kromosomu ya 14, mahali penyewe palipo jeni za kingamwili. Katika kipande hicho imo jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru chembe igawanyike. Na kwa kuwa katika chembe B jeni za kingamwili haziruhusiwi kulala, MYC nayo hailali tena. Ni kama lori lililoshuka mlima na mguu wa dereva umenaswa juu ya mafuta. Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa siku moja au mbili. Ndiyo sababu tuliuona umekua kila asubuhi.

Kwa nini basi ugonjwa huu huonekana zaidi kwetu? Hapa West Nile haikuwa mwanafunzi, ilikuwa mwalimu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika habari za uvimbe huu mwaka 1958. Mwezi wa Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na wenzake wawili katika gari kuukuu la Ford, wakasafiri majuma kumi na maili kama 10,000 hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza katika hospitali zaidi ya 50 kama uvimbe huo unajulikana. Mmoja wa wale wawili alikuwa Dr. Ted Williams, mmisionari wa hospitali ya Kuluva, hapa kusini ya mji wa Arua. Waligundua kwamba ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, na hukosekana nyanda za juu zenye baridi. Yaani hufuata mbu. Williams aliporudi Kuluva aliendelea kuandika kila mgonjwa, kijiji chake na mwezi aliougua, na mwaka 1967 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965 walielekea kutokea karibu karibu, kwa mahali na kwa wakati. Katikati ya hayo, mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr wa London walikuwa wameona kirusi kipya katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda, nacho kikaitwa Epstein-Barr.

Kirusi hicho karibu sisi sote tunacho. Huingia kwa mate tungali wadogo, hujificha ndani ya chembe B, hukaa humo maisha yote, na kwa watu wengi hakina shida. Wataalamu wakauliza: chaja kabla ya uvimbe, au chajiingiza baadaye? Ndipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyoko Lyon, Ufaransa, ikaja West Nile, na kati ya mwaka 1972 na 1974, katika utawala wa Idi Amin, ikachukua damu ya watoto wapatao 42,000 wenye umri usiozidi miaka minane. Damu ikahifadhiwa katika barafu. Kisha wakangoja. Ripoti ilipotoka mwaka 1978, watoto 14 kati ya wale walikuwa wamepata uvimbe, na damu yao ya zamani, iliyochukuliwa wakiwa wazima wanacheza, ilikutwa na kingamwili za kirusi hicho nyingi kuliko za watoto wenzao. Kirusi kilikuwa kimetangulia. Habari hiyo ilisomwa duniani kote. Niliwauliza wanafunzi kumi wa darasa langu la Senior Six kama wamepata kuisikia. Hakuna hata mmoja. Jina la West Nile walilijua kwa kirusi kingine, kile kilichopatikana katika damu ya mwanamke wa Omogo mwaka 1937, nacho sasa huua watu hata Marekani. Sipendi hata kidogo jina la nchi yetu lijulikane kwa kirusi tu.

Mambo mengine yalifahamika baadaye. Malaria inayorudi rudi huziamsha chembe B bila kupumzika, na mkasi hufanya kazi mchana na usiku. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha hivyo waziwazi. Kirusi nacho huizuia chembe iliyokosea isife kama ilivyotakiwa. Mkiweka pamoja mbu, kirusi na mkasi, mnapata ajali. Hata hivyo watoto karibu wote wa kwetu wana vyote vitatu, na kwa mwaka wanaougua ni wachache tu katika kila watoto 100,000.

Nilipofika nyumbani likizo iliyopita nilimwomba baba mkubwa ruhusa ya kusema, nikamweleza haya yote kwa Kilugbara, nikitumia mfano wa mitumba, maana neno la kromosomu halina njia ya kupita. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyepata kuniuliza: "Mwanangu, watoto wote wanaumwa na mbu, na wote wana hicho kidudu. Kwa nini huyu?"

Nikamwambia: "Baba, ni bahati. Mkasi uliteleza katika chembe moja ya mtoto mmoja. Haukuteleza kwa mama yake wala kwa nyanya yake. Hakuzaliwa nao."

Akasema, "Bahati si jibu."

Nimelifikiri neno lake miezi mingi, na haya ndiyo maoni yangu ninayoyaleta kwenu. Naona bahati ni jibu, tena ni jibu la kweli na la huruma kuliko yale mengine. Anayesema "damu mbaya" amemtafuta mtu wa kumlaumu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke aliyetoka kwao. Anayesema "wamelogwa" amewatafutia majirani ugomvi wa miaka ishirini. Na wakati wakiendelea kutafuta, uvimbe unaongezeka mara mbili, na mara mbili tena. Yule asemaye ni ajali hana wa kumlaumu, basi hubeba mtoto akaenda. Ajali yenyewe si ya mwili mbovu. Inatoka katika kazi ile ile ya kukata na kuunga iliyotuponya surua, tumbo la kuhara na homa za utotoni, mimi na wewe unayesoma. Sisi tumefaidi mkasi; mtoto mmoja amelipa.

Nilikuwa na neno jingine kwa baba mkubwa. Yeye alikulia kwa mjomba wake, bondeni kuelekea mto Nile, na umri wake unalingana. Nikamwuliza kama anakumbuka watu waliokuja na gari kuchukua damu za watoto. Alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema wenzake walikimbilia ndani ya mtama, yeye akakamatwa kwa sababu alikuwa na kidonda mguuni. Sijui kama chupa yake ilikuwa miongoni mwa zile 42,000, wala yeye hajui. Lakini alitazama mkono wake kwa muda, mahali pa sindano, kana kwamba alama ingalipo.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, chama chetu cha Sayansi kiende Kuluva siku moja ya Jumamosi, kwa baiskeli ikibidi, kisha kiandike katika gazeti hili habari za kazi iliyofanyika huko. Tunajua majina ya wavumbuzi waliotafuta chanzo cha Nile, na hatujui ya daktari aliyekaa jirani yetu. Pili, ninyi wakubwa mlio walimu wa shule za msingi, mkiona mtoto amevimba taya au tumbo bila sababu, na meno yanacheza, msimwambie mama ampeleke kung'olewa. Dawa ipo. Burkitt mwenyewe aliona katika miaka ya 1960 watoto wakipona kwa dawa za sindano, na tangu 1967 Mulago ina kituo cha kazi hiyo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hospitali ya Lacor, Gulu, nayo huwatibu watoto hawa, wala si lazima kufika Kampala. Na habari ya vyandarua nadhani haina haja ya kurudiwa, ingawa bwenini kwetu viko vyandarua vinavyotumika kubebea mipira. Chanjo ya malaria nayo ilianza kutolewa kwa watoto wa Uganda mwezi wa Aprili 2025; wenye wadogo zao wasikae wakishauriana.

Mtoto wetu alitundikiwa dawa ya kwanza siku ya Jumatano. Kufikia Jumatatu uvimbe ulikuwa umepungua hata akaweza kufunga mdomo. Nywele zikatoka zote, akawa anatapika, na mama yake alilala sakafuni kando ya kitanda chake kwa muda wa dawa zote, ambao haukuwa mfupi. Sasa nywele zimeota tena, nyororo kuliko zile za kwanza, na amerudi shuleni P.1. Ana mapengo mawili ya meno yaliyong'olewa bure, lakini kwa umri wake kila mtoto ana mapengo.

Baba mkubwa hakumwomba shemeji msamaha. Si desturi yake kumwomba mtu msamaha. Habari ya ng'ombe haikutajwa tena. Siku niliyokuwa nafunga sanduku kurudi shuleni alikuja na jogoo chini ya kwapa, akampa shemeji mkononi, akasema, "Mchinjie mtoto," akaenda zake.